Kimeng'enya kinachounga: Tunavyoutaja vibaya uhai wa kilindini

KUNA sentensi moja ya Kiswahili ambayo nimekuwa nayo mezani juma zima. Iliandikwa na mwanafunzi wa shahada ya uzamili aliyekuwa akitafsiri muhtasari wa utafiti wa kibiolojia, nayo inasema hivi: "Vimeng'enya vya kurekebisha kaboni kutoka kwa vijidudu wasio na utamaduni katika matundu ya haidrothamo ya bahari ya kina."

Nilimwuliza aliipataje. "Mwalimu, kompyuta ndiyo imetafsiri. Mimi nimeinyoosha tu."

Ni rahisi kucheka. Eti vijidudu wasio na utamaduni! Kwani hawajui kuamkia wakubwa? Hawachezi ngoma? Lakini tukishamaliza kucheka, sentensi hii inastahili kuhakikiwa kwa umakini uleule tunaoutumia kuhakiki riwaya au shairi. Sisi wahakiki wa Kiswahili ni wepisi wa kumshika mtunzi anayevuruga mizani, ilhali sentensi ya sayansi ikivurugika tunaipita kama gari la jirani lililokwama barabarani. Si letu. Hoja yangu leo ni kwamba ni letu. Makosa ya sentensi hii si ya mashine peke yake. Mengine mashine imeyaokota kutoka kwetu, katika maneno tuliyoyazoea, na baadhi ya maneno hayo yanafundisha uongo.

Jambo lenyewe

Huwezi kuhakiki tafsiri bila kulijua jambo linalotafsiriwa. Mwezi wa Februari 1977, wanasayansi waliokuwa wakichunguza ufa wa Galápagos katika Bahari ya Pasifiki walishuka kwa nyambizi ndogo iitwayo Alvin hadi kina cha takriban mita 2,500. Walikuwa wakitafuta chemchemi za maji moto. Walikuwa wataalamu wa miamba na wa kemia ya maji; mwanabiolojia hakuwemo katika msafara huo, kwa sababu hakuna aliyetarajia kukuta uhai wa kutajika mahali ambapo mwanga wa jua haufiki na shinikizo la maji ni takriban mara 250 ya lile la hewa ufuoni.

Chemchemi walizikuta. Walikuta pia kome na chaza wakubwa wamesongamana, pamoja na minyoo wanaoishi ndani ya mirija, wengine wakifikia urefu wa mita mbili hivi, na vishungi vyao vyekundu kama damu. Swali likawa, wanakula nini? Mnyoo huyo, ambaye wanasayansi wamemwita Riftia pachyptila, akikomaa hana kinywa wala utumbo.

Jibu lilipatikana mwaka wa 1981. Colleen Cavanaugh, wakati huo akiwa mwanafunzi katika Chuo Kikuu cha Harvard, alionyesha pamoja na wenzake kwamba ndani ya mwili wa mnyoo huyo wamejaa bakteria. Mwaka huohuo mtafiti mwingine, Horst Felbeck, aliripoti kwamba katika nyama ya mnyoo kulikuwa na dalili za kazi ya Rubisco, kimeng'enya cha ukoo uleule wa kile kilichomo katika jani la sukumawiki.

Hebu fikiria. Sukumawiki wa shambani na mnyoo wa gizani, kila mmoja na jiko lake, lakini chombo kikuu jikoni ni cha ukoo mmoja. Damu ya mnyoo hubeba oksijeni pamoja na salfidi ya haidrojeni, ile gesi inayonuka kama yai viza. Bakteria huichoma salfidi kwa oksijeni, hupata nishati, na kwa nishati hiyo hutwaa kaboni dioksidi iliyomo majini na kuitengeneza kuwa chakula chao na cha mwenyeji wao.

Bakteria huyo hajawahi kukuzwa maabarani akiwa peke yake. Ndiyo maana jina lake la kitaalamu hutanguliwa na neno la Kilatini, Candidatus, linalomtangaza kuwa ni mgombea tu: anajulikana, lakini hajakaa kwenye sahani ya maabara akatazamwa. Hata hivyo, jeni zake zimesomwa, na mwaka wa 2007 watafiti walionyesha kwamba hutumia njia mbili tofauti za kutengeneza chakula kutokana na kaboni dioksidi, wala si moja.

Hayo ndiyo sentensi ya mwanafunzi wangu ilikuwa ikijaribu kuyasema. Sasa turudi kwenye maneno.

Asiye na utamaduni

Kosa linalochekesha ndilo jepesi kulirekebisha. Neno la Kiingereza "culture" lina matawi mengi, moja likiwa la mila na jingine la kulea au kukuza kitu. Mashine ilidandia tawi la kwanza. Kiswahili kina kitenzi safi: kukuza. Mkulima hukuza mahindi, mtaalamu hukuza bakteria.

Lakini tusiridhike upesi. Je, tuseme "wasiokuzwa" au "wasiokuzika"? Kiambishi kimoja tu kinabadilisha dai la kisayansi. "Wasiokuzwa" ni wale ambao hakuna aliyewakuza. "Wasiokuzika" ni wale ambao haiwezekani kuwakuza. Isitoshe, msomaji wa haraka anaweza kulisoma "wasiokuzika" akadhani ni watu ambao hawakukufanyia mazishi!

Tofauti hiyo ni ya haki kabisa. Mwaka wa 2015 watafiti walitangaza kundi la vijiumbe waliojulikana kwa jeni pekee, zilizotoka katika matope ya chini ya bahari kati ya Greenland na Norway, karibu na chemchemi moto zinazoitwa Loki's Castle. Hakuna aliyekuwa amewahi kumwona hata mmoja wao akiwa hai. Mwaka wa 2020 watafiti wa Japani wakaripoti kwamba wamefaulu kumkuza ndugu wa kundi hilo kutoka katika matope ya bahari yao, baada ya kazi ya miaka 12 hivi. Laiti tungekuwa tumewaita "wasiokuzika", lugha yetu ingekuwa imefunga mlango ambao subira ya Wajapani iliufungua. Kwa hiyo mimi nasema "ambao bado hawajakuzwa". Ni maneno matatu badala ya moja, lakini "bado" hiyo ndiyo sayansi yenyewe.

Kuunga, si kurekebisha

"Kurekebisha kaboni" ni kosa la aina hiyohiyo, lakini lina hatari zaidi kwa sababu halichekeshi. Msomaji anaweza kulimeza. Atadhani kaboni iliharibika, na sasa vimeng'enya vinaitia gereji. Kumbe neno la Kiingereza "fix" hapa halina maana ya kutengeneza kilichoharibika. Lina maana ya kukifanya kinachopeperuka kitulie mahali.

Wapo wanaosema "kunasa kaboni". Nalikubali neno hilo, ila kwa kazi nyingine. Kiwanda kinachoweka mitambo ya kuzuia kaboni dioksidi isitoke kwenye bomba la moshi, hicho kinanasa. Mtego hunasa panya, lakini panya hubaki panya. Kinachofanyika ndani ya jani au ndani ya bakteria wa kilindini ni tofauti. Rubisco huchukua molekuli moja ya kaboni dioksidi, huiunganisha na sukari yenye kaboni tano, na matokeo ni vipande viwili vyenye kaboni tatu kila kimoja. Gesi haipo tena. Imekuwa sehemu ya kitu kingine.

Kiswahili kina kitenzi cha kazi hiyo: kuunga. Mganga wa mifupa huunga mfupa uliovunjika. Mpishi wa Pwani huunga mchuzi kwa tui la nazi. Kutokana na kitenzi hicho tumepata "kiungo", iwe ni goti, iwe ni bizari. Kuunga ni kutia kitu ndani ya kingine hata vikawa kimoja, na hivyo ndivyo kaboni inavyofanyiwa. Basi na tuseme kuunga kaboni, uungaji wa kaboni, vijiumbe wanaounga kaboni. Neno halikuhitaji kuundwa na kamati. Lilikuwa jikoni siku zote.

Jina la tumboni

Hapa ndipo penye kitendawili kilichonifanya niandike. "Kimeng'enya" limetokana na kumeng'enya, yaani kuvunjavunja, hasa chakula tumboni. Ndiyo maana tunasema mmeng'enyo wa chakula. Walioliteua neno hili bila shaka walikuwa wakifikiria mate na nyongo na tumbo, na kwa vimeng'enya vya tumboni ni jina zuri mno. Lakini Rubisco haivunji chakula. Inakitengeneza. Kumwita fundi mwashi "mbomoaji" kwa sababu ndugu zake ni wabomoaji, je, ni haki?

Najua wapo watakaosema tuachane na kimeng'enya, tuandike "enzaimu" na yaishe. Siwaungi mkono. Neno la Kiingereza lenyewe halina asili pana kuliko letu. Liliundwa Ujerumani miaka ya 1870 kutokana na Kigiriki, kwa maana ya kilichomo ndani ya chachu. Lilizaliwa kwenye mapipa ya pombe na mikate, na hakuna mwanafunzi wa London anayedhani leo kwamba Rubisco ni kitu cha kuumulia unga. Matumizi yalilipanua. Istilahi ni kama kanzu ya mtoto: hushonwa kwa kipimo cha siku ile, mtoto akikua huongezwa upindo.

Kimeng'enya, basi, kibaki. Lakini kibaki kwa masharti. Kitabu kinapomfafanulia mtoto neno hili kisiishie kwenye mmeng'enyo wa chakula. Kiseme kwamba kimeng'enya ni kitu mwilini mwa kiumbe kinachoharakisha mabadiliko ya kikemia, ya kuvunja na ya kuunga pia. Hapo mtoto akikutana na "kimeng'enya kinachounga kaboni" hatadhani mwandishi amejipinga.

Na asidhani pia kwamba kila kimeng'enya ni hodari. Rubisco ni mzembe mashuhuri. Kwa sekunde moja huunga molekuli chache tu, kati ya tatu na 10 hivi, ilhali kuna vimeng'enya vinavyofanya kazi zao mara maelfu kwa muda huohuo. Fauka ya hayo, mara nyingine hukosea, huchukua oksijeni badala ya kaboni dioksidi. Ndiyo sababu watafiti wanakwenda kutafuta aina nyingine za Rubisco, na njia nyingine kabisa za kuunga kaboni, katika maji ambayo hayajawahi kuona jua. Wanatumaini kujifunza huko namna ya kuboresha mazao, au namna ya kuitumia kaboni dioksidi kiwandani.

Nuru na kilindi

Katika sentensi ya mwanafunzi kuna neno ambalo halimo, nalo linakosekana kwa kishindo. Shuleni tulifundishwa usanisinuru: usanisi kwa nuru. Ni istilahi ninayoihusudu, kwa sababu viungio vyake vinaonekana. Usanisi ni kujenga kitu kikubwa kutokana na vidogo, na nuru ndiyo nguvu inayotumika. Ubora wa istilahi ya namna hii huonekana siku mambo yanapobadilika: unaweza kuchomoa kipande kimoja ukatia kingine. Ondoa nuru, weka kemia, upate "usanisikemia". Msomaji aliyejua la kwanza atalielewa la pili bila kufungua kamusi.

Lakini tusilitie chumvi. Mara nyingi huandikwa kwamba viumbe wa chemchemi hizo hawana haja na jua hata chembe. Si kweli kwa wote. Oksijeni ambayo mnyoo huipelekea bakteria wake ilitolewa na mimea na mwani wa juu, kwa usanisinuru, kisha ikateremka na maji. Jua halifiki kule chini, ila mkono wake unafika. Mwandishi anayeandika "uhai usiotegemea jua" ana wajibu wa kusema ni uhai upi.

Kuhusu "matundu ya haidrothamo ya bahari ya kina", sijui nianzie wapi. Nani asiyejua chemchemi ya maji moto? Watoto wa Baringo wanazijua, na wageni huchemsha mayai humo. Na "bahari ya kina" ni Kiingereza kilichovaa kanzu. Wavuvi wana neno lao, kilindi. Bandari ya Mombasa inaitwa Kilindini, na jina lenyewe lina maana ya mahali penye maji marefu. Nasema, basi, chemchemi moto za kilindini, kwa herufi ndogo, ili mtu asiende kuzitafuta Likoni.

Vijidudu na hewa chafu

Nimeyaacha mwisho maneno mawili ambayo siwezi kuyasamehe, maana hayo si ya mashine. Ni yetu.

La kwanza ni "vijidudu". Mtoto akiumwa tumbo tunasema ana wadudu. Maji yasiyochemshwa yana vijidudu. Neno hili kwetu lina maana ya adui asiyeonekana, na dawa yake ni kuuawa. Sasa chukua neno hilo umpachike bakteria anayemlisha mnyoo asiye na kinywa, au wale walio ndani ya mizizi ya maharagwe wakirutubisha shamba, au wanaoganda maziwa yakawa mala. Umewatia wote rumande kwa kosa la wachache. Wasio na madhara kwa binadamu ndio wengi mno. Mimi hutumia "vijiumbe", na huwapa upatanisho wa viumbe hai: vijiumbe hawa, si vijiumbe hivi. Anayeleta ugonjwa aitwe kijiumbe wa maradhi, ajulikane kwa kosa lake mwenyewe.

La pili ni "hewa chafu". Vyombo vyetu vya habari vikiripoti mikutano ya tabianchi husema nchi fulani itapunguza utoaji wa hewa chafu. Acha kwamba ndani ya matatu mtu akisemwa ametoa hewa chafu, abiria wote hufungua madirisha. Ubaya hasa ni kwamba jina hilo moja limebebeshwa vitu vitatu visivyofanana.

Kuna kaboni dioksidi, ambayo kila mmoja wetu anaitoa anapopumua, ambayo ndiyo povu la soda, na ambayo bila kuungwa na vimeng'enya hapangekuwa na ugali wala wa kuula. Tatizo lake ni wingi: inapozidi angani hushikilia joto. Kuna kaboni monoksidi, inayotoka kwenye jiko la makaa ndani ya nyumba iliyofungwa madirisha, isiyo na rangi wala harufu, na inayoua watu wakiwa usingizini. Halafu kuna moshi na masizi ya magari, yanayochoma mapafu. Ya kwanza hupasha dunia joto polepole, ya pili huua usiku mmoja, ya tatu hudhoofisha kifua kwa miaka.

Baadhi yetu, tukifuata wenzetu wa Tanzania, husema "hewa ukaa" kwa kaboni dioksidi. Ni jina tamu, lina makaa ndani yake. Lakini makaa hayo ndiyo yanayonipa wasiwasi. Mama aliyesikia redioni kwamba hewa ukaa ni chakula cha mimea, na anayejua kwamba jiko lake lina makaa, ataona ubaya gani kulala nalo chumbani msimu wa baridi? Neno likiwa na uwezo wa kumlaza mtu asiamke, hatuna budi kulichagua kwa tahadhari. Tuseme kaboni dioksidi, tuseme kaboni monoksidi, hata kama ulimi utajikwaa. Di- ni mbili, mono- ni moja. Hesabu hiyo haimshindi mtoto wa darasa la sita.

Tukiyaweka yote pamoja, ile sentensi inasomeka hivi: "Vimeng'enya vinavyounga kaboni, kutoka kwa vijiumbe wa chemchemi moto za kilindini ambao bado hawajakuzwa maabarani." Maneno yote yaliyomo yako katika Kiswahili chetu tayari. Hakuna lililosubiri ruzuku.

Mali isiyo na jina

Utaniuliza, yote haya yanamfaa nini mtu wa Kericho au Kwale ambaye hataona kilindi maishani mwake? Nitajibu kwa habari ya hapa nyumbani.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990, watafiti wa kigeni walichukua sampuli katika Ziwa Bogoria, lenye maji ya magadi na chemchemi zinazotokota. Ndani ya sampuli hizo mlikuwa na vijiumbe wenye vimeng'enya vinavyostahimili magadi. Vimeng'enya vya aina hiyo vilikuja kutumika viwandani, katika sabuni na katika kufifisha rangi ya suruali za jeans. Mwaka wa 2004 Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, lilijitokeza hadharani kudai fungu la Kenya katika faida hiyo. Waendorois, ambao ziwa hilo ni urithi wao na ambao walikuwa wameondolewa hapo miaka ya 1970, walipigania haki zao za ardhi hadi Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu, iliyowapa ushindi mwaka wa 2010.

Natafakari mazungumzo ambayo yangefanyika kijijini siku sampuli zilipochukuliwa. "Wanachukua nini?" "Vijidudu tu, majini." Nani angezuia vijidudu visiondoke? Unayemwita mdudu humwombi kodi. Lugha haikuiba chochote Bogoria, lakini lugha ya namna hiyo ingemfungulia mlango yeyote aliyekuja na chupa.

Sasa ukumbi ni mpana zaidi. Bahari Hindi nayo ina chemchemi zake za kilindini. Uwanja uitwao Kairei, kusini-mashariki ya Morisi na mbali sana na nchi kavu, uligunduliwa mwaka wa 2000. Mwaka uliofuata alipatikana hapo konokono mwenye magamba ya madini ya chuma kwenye mguu wake, naye pia analishwa na bakteria waishio mwilini mwake. Mwaka wa 2019 konokono huyo aliorodheshwa kuwa hatarini kutoweka, kwa sababu ya uwezekano wa uchimbaji wa madini chini ya bahari. Kandarasi za kutafuta madini katika matuta ya bahari hiyo tayari zimetolewa kwa nchi za mbali.

Vijiumbe wa huko nao wana wateja. Siku hizi mtafiti hahitaji kumkuza kijiumbe. Anasoma jeni zake kutoka katika tone la maji, kama mtu aliyepata karatasi ya mapishi bila kumjua mpishi. Kisha anazipachika jeni hizo kwa bakteria wa kawaida anayekua kwa urahisi maabarani, naye anampikia kimeng'enya. Karatasi ya mapishi inaweza kusafiri kwa kompyuta kutoka bara hadi bara kwa dakika. Nani mwenye haki juu yake, ikiwa ilitoka katika bahari isiyo ya taifa lolote?

Hilo ni mojawapo ya maswali ambayo mkataba mpya wa Umoja wa Mataifa kuhusu uhai katika bahari kuu unajaribu kuyajibu. Ulipitishwa Juni 2023 na kuanza kutumika Januari 2026. Unazungumzia ugavi wa haki wa manufaa yanayotokana na jeni za baharini, zikiwemo taarifa zake za kidijitali. Umeandikwa katika lugha sita rasmi za Umoja huo, na Kiswahili si mojawapo. Kwa hiyo yule atakayemweleza mvuvi wa Lamu au mbunge wa Pwani maana yake atalazimika kuutafsiri mwenyewe, au kuitwika mashine kazi hiyo, na mashine itampa tulichoilisha.

Katiba yetu ya 2010 ilikifanya Kiswahili lugha ya taifa na lugha rasmi. Urasmi huo haukamiliki kwa hotuba za Madaraka na salamu za bungeni. Unakamilika pale sheria ya bahari, onyo la jiko la makaa na kitabu cha biolojia vinapoweza kusomwa na mtu asiyejua Kiingereza, akaelewa, akauliza swali, akapinga. Wahariri, walimu wa sayansi na sisi wa lugha tuketi meza moja, na tuanze na maneno mawili: kijidudu na hewa chafu. Tukishayaondoa hayo mahali yasipostahili, mengine yatafuata.